Vipele vya Siku Tatu

Kwetu kulikuwa na sababu tatu za vile binamu yangu alizaliwa. Ya kwanza ni mahari. Babake alikuwa anadaiwa ng'ombe wawili, na shosho alikuwa amesema wazi mbele ya wazee kwamba deni kama hilo halilali. Ya pili ni kwamba anti, mimba ikiwa changa, alimcheka kipofu mmoja sokoni. Ya tatu ilikuwa inasemwa kwa sauti ya chini anti akitoka nje kuchota maji: ati alijaribu kuitoa hiyo mimba, ikakataa.

Binamu alizaliwa 1997. Mboni zake zilikuwa nyeupe, kama mtu ametia tone la maziwa kwenye kila jicho. Alikuwa mdogo sana, alikuwa hanyonyi vizuri, na daktari alisema moyo wake una kelele. Miezi ilivyozidi wakagundua kwamba hata mlango ukibamizwa hageuki. Macho na masikio na moyo, mtoto mmoja. Kwa watu wetu hiyo haikuwa bahati mbaya, ilikuwa hukumu, na hukumu lazima iwe na mkosaji. Mkosaji akawa anti.

Nimekuwa nikisoma kuhusu macho kama hayo kwa miezi kadhaa sasa, usiku, nikimaliza kazi za watu. Nilianza nikitafuta kitu kimoja kidogo nikajipata Sydney, Australia, mwaka wa 1941.

Kulikuwa na daktari wa macho huko anaitwa Norman McAlister Gregg. Alizaliwa 1892, akahudumu kama daktari wa jeshi la Uingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na nishani. Alikuwa mtu wa kriketi na tenisi, mtu wa watu, si yule mwanasayansi wa filamu anayeongea peke yake maabarani. Hakuwa na maabara. Alikuwa na wagonjwa.

Mapema mwaka huo akaanza kuletewa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho. Sasa, mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee. Hata shosho anao. Mtoto kuzaliwa nao hutokea, lakini daktari mmoja huona wachache sana, na mara nyingi ni jambo la ukoo. Hawa hawakuwa wa ukoo mmoja. Walikuja mmoja baada ya mwingine, na walifanana: weupe katikati ya mboni, macho yote mawili kwa wengi wao, miili midogo, kunyonya kwa taabu, na wengi walikuwa na kasoro ya moyo. Gregg peke yake aliona 13.

Inasimuliwa kwamba jibu lilitoka kwenye chumba cha kusubiri. Akina mama wawili walikuwa wameketi na watoto wao wakipiga story. Mmoja akasema alikuwa na surua ya Kijerumani akiwa mjamzito. Mwenzake akasema, hata mimi. Daktari akasikia.

Mimi nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki, nikimsindikiza dada. Vile akina mama huongea pale! Nani alivimba miguu lini, nani alikataa nyama mwezi wa ngapi, dawa gani ilimfanya nani kuwashwa. Ukiandika yale yote kwenye daftari una utafiti mzima. Lakini mlango ukifunguliwa jina lako likaitwa, unaingia ndani, unaulizwa maswali manne, unajibu, unatoka. Yale ya benchi yanabaki kwa benchi.

Gregg aliyatoa kwa benchi. Aliwauliza mama zao moja kwa moja: ulipokuwa na mimba, uliugua nini? Kisha akawaandikia madaktari wenzake wa macho wafanye vivyo hivyo. Walipojumlisha walikuwa na watoto 78. Mama 68 kati yao walikumbuka kuugua rubela, wengi katika mwezi wa kwanza au wa pili wa mimba, wengine kabla hata hawajajua wana mimba.

Nafaa kusimama hapa niseme rubela ni nini, kwa sababu ndiyo siri ya huu ugonjwa: ni kitu cha upuzi. Hauna hata jina letu la kudumu. Surua ya Kijerumani, watu husema, kwa vile madaktari wa Kijerumani ndio waliotangulia kuuandika. Shosho angesema ukambi mdogo. Vipele vyekundu vinaanza usoni na kushuka, homa kidogo, tezi nyuma ya masikio zinavimba, siku tatu kwisha. Karibu nusu ya wanaoupata hawajui kama waliugua. Mtoto akiupata, anakosa shule siku mbili na kufurahi.

Lakini mama akiupata katika wiki 12 za kwanza, virusi vinaweza kuvuka kondo la nyuma na kumfikia kijusi, na uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Hapo ndipo lenzi ya jicho inajengwa. Sikio la ndani linajengwa, moyo unagawanywa vyumba. Virusi vinaingia kwenye seli zinazopaswa kugawanyika haraka na kuzifanya zigawanyike polepole, na kiungo kikikosa zamu yake ya kujengwa, hakipewi zamu nyingine. Mimba ikishapita miezi mitano, mama huyohuyo na vipele vilevile, mtoto huwa hana hatari kubwa tena. Kwa hivyo ni suala la wiki. Sio tabia, sio ng'ombe.

Na kwa nini 1941? Vita. Mwaka wa 1940 Australia ilikuwa inakusanya vijana kutoka mashambani na kuwarundika kwenye kambi za mafunzo. Wengi walikuwa hawajawahi kukutana na rubela. Ikawapitia kama moto, wakapewa likizo, wakaenda nyumbani kuwaaga wake na wapenzi. Ongeza miezi tisa, hesabu mwenyewe.

Tarehe 15 Oktoba 1941 Gregg alisimama Melbourne mbele ya chama cha madaktari wa macho akasoma karatasi yake. Ilihusu macho na moyo. Magazeti yakaidaka. Na hapa ndipo mimi humpenda zaidi huyu mzee: baada ya habari kutoka, akina mama walimpigia simu. Wakamwambia, daktari, mimi pia niliugua hiyo rubela, na mtoto wangu macho yake ni mazima, lakini hasikii. Masikio hayakuwa kwenye karatasi ile. Watoto wake wengi walikuwa wachanga mno kwa mtu kujua kama wanasikia. Akina mama ndio walioongeza ukurasa huo. Miaka miwili baadaye daktari Charles Swan na wenzake huko Adelaide walichunguza na kuandika kwamba ni kweli, uziwi umo.

Ungedhani dunia ilipiga makofi. Wapi! Mwaka wa 1944 jarida la Lancet la London liliandika kwamba Gregg hajathibitisha hoja yake. Wakati huo madaktari wengi waliamini tumbo la mama ni ngome, kondo la nyuma linazuia kila kitu, na mtoto akizaliwa na kasoro basi tatizo liko kwa damu ya ukoo. Ukifikiria vizuri, hiyo si mbali sana na ng'ombe wawili wa shosho.

Ila lazima niwe mkweli, pingamizi lenyewe si la kijinga. Nilisoma takwimu chuoni mpaka mwaka wa pili nikaacha kwa sababu ya karo, na nikisema ukweli kamili, kwa sababu ya takwimu pia. Moja ya vitu vichache nilivyobaki navyo ni hiki: ukimuuliza mama wa mtoto mgonjwa kama aliugua akiwa na mimba, atachimba kumbukumbu mpaka apate kitu. Mama wa mtoto mzima hachimbi. Ukilinganisha hao wawili unajidanganya. Na tena Gregg alianza na watoto waliokuwa na kasoro akarudi nyuma kutafuta sababu. Hakujua ni wanawake wangapi waliugua rubela wakazaa watoto wazima. Kuna njia bora zaidi: anza na wanawake walioambukizwa, subiri wajifungue, hesabu. Wengine walikuja kufanya hivyo baadaye, na wakakuta Gregg hakukosea.

Lakini ushahidi ambao ulinifanya nifunge laptop nikae kidogo gizani ni wa mtu mwingine, Oliver Lancaster. Huyu alikuwa mtu wa takwimu, Mwaustralia. Mwaka wa 1951 alichapisha uchunguzi wake wa vitabu vya sensa. Sensa za Australia zilikuwa zinauliza ni nani kiziwi, na zinapanga majibu kwa umri. Kwenye sensa ya 1911, viziwi wa umri wa miaka 10 hadi 14 walikuwa wengi kupita kiasi. Kwenye jedwali kuna nundu. Kwenye sensa ya 1921 nundu iko tena, lakini imehama: sasa ni watu wa miaka 20 hadi 24. Ni watu walewale. Wamezeeka miaka kumi na kutembea na nundu yao kwenye jedwali. Ukirudi nyuma unafika kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ukiangalia kumbukumbu za magonjwa unakuta mlipuko wa rubela, 1898 na 1899. Alipopekua sajili za shule za viziwi, ikawa ni yaleyale: milipuko, kisha mafungu ya watoto.

Yaani jibu lilikuwa limechapishwa na serikali, likawekwa kwenye rafu, na kukaa hapo miaka 30 kabla Gregg hajaona mtoto wake wa kwanza. Kila namba kwenye ile nundu ilikuwa na mama ambaye pengine aliambiwa alicheka mtu sokoni, au chochote kile walichokuwa wakiambiana huko. Nilikuwa nikiona majedwali ya namna hiyo darasani na kusinzia.

Gregg alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1953. Alikufa 1966, kabla ya chanjo.

Hapo katikati kuna kisa cha Gene Tierney ambacho kila mwandishi wa jambo hili lazima akitaje, nami sitakuwa wa kwanza kukiruka. Alikuwa nyota wa filamu Marekani. Mwaka wa 1943, akiwa na mimba, alienda kuwatumbuiza wanajeshi Hollywood, akaambukizwa rubela. Bintiye akazaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, na ulemavu mkubwa wa akili. Baadaye, kama Tierney mwenyewe alivyosimulia, shabiki mmoja alimwendea akamwambia kwa furaha kwamba aliwahi kukutana naye usiku ule. Alikuwa mwanajeshi wa kike, kambi yao ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya rubela, akatoroka ili tu amwone. Agatha Christie alitoa riwaya 1962 yenye kisa kinachofanana na hicho mno. Sitakuharibia.

Virusi vyenyewe vilinaswa maabarani mwaka huohuo wa 1962 na timu mbili za Marekani, na havikungoja watu washerehekee. Mwaka wa 1964 na 1965 Marekani ilipata mlipuko unaokadiriwa kufika wagonjwa milioni 12.5. Watoto kama 20,000 walizaliwa na athari zake. Kati yao 11,000 hivi walikuwa viziwi na 3,500 vipofu. Mimba zaidi ya 11,000 ziliharibika au zilitolewa.

Nilipokuwa nikimsimulia binamu haya kwa video ya WhatsApp, kwa lugha yangu mbovu ya ishara, alinisimamisha hapo kwa 11,000. Aliuliza: walienda shule gani? Mimi nilikuwa nasoma kuhusu virusi. Yeye alitaka kujua kuhusu shule. Kwa hivyo nikarudi kusoma. Walijaza shule za viziwi kote Marekani mpaka majengo yakawa hayatoshi. Walipokua, walijaza Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi huko Washington. Na Machi 1988 wanafunzi wa Gallaudet walifunga malango ya chuo kwa wiki moja kwa sababu bodi ilikuwa imechagua rais mwingine anayesikia, huku viziwi waliohitimu wakiachwa. Rais huyo alijiuzulu, akawekwa I. King Jordan, kiziwi wa kwanza kuongoza chuo hicho tangu kianzishwe 1864. Binamu alicheka sana. Alisema hiyo ndiyo sehemu ya kuandika, hayo mengine ni ya madaktari.

Sasa chanjo. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani 1969. Ile inayotumika sehemu kubwa ya dunia leo ilitengenezwa na Stanley Plotkin huko Philadelphia na inaitwa RA 27/3. R ni rubela, A ni mimba iliyotolewa. 27 ni kijusi cha 27 kilicholetwa maabarani wakati wa ule mlipuko, na 3 ni kipande cha tatu cha tishu. Mwanamke fulani aliambukizwa, akaogopa, akaitoa mimba, na kutoka hapo virusi vikapatikana, vikadhoofishwa, vikawa kinga ya mamilioni ya watoto wa wanawake wengine. Jina lake halimo katika zile herufi na namba.

Marekani 1969. Uingereza 1970. Kenya? Mei 2016. Hiyo tarehe niliisoma mara mbili. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubela, watoto takriban milioni 19 wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14, na baadaye ikaingia kwenye ratiba ya kawaida, sindano ya miezi 9 na ya miezi 18. Ukiwa na mtoto mdogo kijitabu chake cha kliniki kina hiyo nafasi. Binamu yangu alikuwa na miaka 19 kampeni ilipokuja.

Nilitaka sana kukasirika hapa, na sehemu moja yangu bado imekasirika. Lakini kuna hesabu mbaya nyuma ya huku kuchelewa. Rubela ikiachwa, wasichana wengi huipata utotoni, wanabaki na kinga, wanazaa salama. Ukichanja nusunusu, virusi vinapungua lakini haviishi. Msichana anakwepa ugonjwa utotoni bila kupata chanjo, na anakutana nao akiwa na miaka 24 na mimba ya wiki nane. Ugiriki walijifunza hilo kwa uchungu: walianza chanjo miaka ya 70 bila kufikia watoto wa kutosha, na mlipuko wa 1993 uliwaachia watoto wengi wenye kasoro kuliko miaka ya nyuma. Kwa hivyo WHO lilikuwa likizishauri nchi zisianze mpaka ziwe na uhakika wa kufikia angalau asilimia 80 ya watoto. Ni ushauri wa busara. Pia ni ushauri uliomaanisha kwamba nchi yenye kliniki chache inangoja miaka 47.

Aprili 2015, bara lote la Amerika lilitangazwa kuwa halina tena rubela inayozunguka. Mwezi uliofuata Brazil ikathibitisha kuwa ina virusi vya Zika, vilivyopewa jina la msitu wa Ziika karibu na Entebbe, hapo tu kwa jirani, ambako watafiti wa homa ya manjano walivikuta mwaka wa 1947 kwa nyani aliyefungiwa juu ya jukwaa la miti. Kufikia mwisho wa mwaka madaktari wa Recife walikuwa wanaona watoto wenye vichwa vidogo mno, mmoja baada ya mwingine. Wakawauliza mama zao waliugua nini wakiwa na mimba. Wengi wakasema: vipele, siku chache hivi.

Nilimpigia anti Jumapili moja. Sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nilimuuliza tu: ulipokuwa na mimba yake, uliwahi kutokwa na vipele?

Alinyamaza mpaka nikadhani network imekatika.

"Nilikuwa nafundisha nasari," akasema. "Watoto karibu wote walikuwa navyo. Nikavipata na mimi, wiki zile nilikuwa natapika. Nilimwambia nesi. Akasema ni joto."

"Na mbona hukuwahi kusema nyumbani?"

"Nani aliniuliza?"

Nilimweleza kwamba haiwezi kuthibitishwa tena. Kipimo cha damu cha kuonyesha mtoto aliambukizwa tumboni hufanywa akiwa na miezi michache, na yeye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Inaweza kuwa rubela, inaweza kuwa kitu kingine. Nilijaribu kuwa mwangalifu, kama vile Lancet wangetaka. Akasema ameelewa. Kisha akaniuliza kama hii ninayoiandika itakuwa ya Kiswahili.

Jioni alinitumia mia mbili kwa M-Pesa. Za kuchapisha, alisema, nakala moja ya shosho. Na niongeze ukubwa wa herufi, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na kule kwa operesheni wamempa tarehe ya mwezi wa tatu.